Miwani ya Jua na ya Theluji: Maji Kwanza, Kitambaa Baadaye

Na Mwandishi Wetu

Watu wengi hudhani kwamba miwani ya jua huharibiwa na jua lenyewe au na wingi wa miaka. Sivyo. Miwani nyingi huharibiwa na mwenyewe, tena wakati ule ule anapoamini kwamba anaitunza. Huivua, huitazama, huona vumbi juu yake, kisha huvuta upindo wa shati na kuifuta. Baada ya miezi michache kioo huwa kama dirisha la jiko la kuni: mwanga wapita, lakini mtu aliye upande wa pili haonekani sawasawa. Hapo mwenyewe hulilaumu duka alikoinunua.

Kwa askari wa usalama barabarani asimamaye njia panda tangu asubuhi hadi alasiri, kwa dereva wa msafara wa jeshi, kwa mlinzi wa mpaka na kwa mzazi anayemwendesha mtoto wake shuleni kwa pikipiki, miwani si pambo la usoni. Ni kifaa cha kazi, kama vile viatu na kofia. Nacho kifaa cha kazi hudumu kwa matunzo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuosha na kuhifadhi miwani ya jua, na pia ile miwani mikubwa ya kufungwa kichwani kwa mkanda, ambayo huvaliwa katika vumbi na katika theluji.

KAZI YA MIWANI

Jua hutoa mwanga tunaouona, na pamoja nao hutoa miale tusiyoiona iitwayo miale ya urujuanimno. Miale hii ndiyo inayounguza ngozi ya watu weupe wakikaa pwani, na ndiyo inayodhuru macho ya watu wote, weupe kwa weusi. Mtu aliyekaa juani miaka mingi bila kinga aweza kuota kinyama juu ya weupe wa jicho, ambacho husogea polepole kuelekea katikati. Ugonjwa huu huonekana zaidi katika nchi zilizo karibu na Ikweta, na hasa kwa wafanyao kazi nje. Miale hiyo pia ni miongoni mwa visababishi vya mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoingia katika lenzi iliyo ndani ya jicho.

Uganda imepitiwa na Ikweta, na sehemu kubwa ya nchi ni uwanda wa juu. Mji wa Kampala uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila tupandapo mita 1,000 nguvu ya miale hii huongezeka kwa karibu asilimia 10. Aidha miale haitoki juu peke yake. Mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15, povu la bahari kama asilimia 25, na theluji mpya hadi asilimia 80. Kwa hiyo askari aliyetumwa Mogadishu, ambako majeshi ya Uganda yalianza kupelekwa mwezi Machi mwaka 2007, alikuwa na jua la juu, mchanga wa chini na bahari ya ubavuni, vyote vitatu vikiyapiga macho yake kwa wakati mmoja.

Hapa yafaa kuonya jambo moja. Weusi wa kioo si kipimo cha kinga. Kioo cheusi hupunguza mwanga tunaouona, na mboni ya jicho, ikiona giza, hupanuka. Ikiwa kioo hicho hakizuii miale ya urujuanimno, basi kimeufungua mlango bila kuweka mlinzi. Unaponunua miwani tafuta maandishi ya UV400, maana yake ni kwamba kioo huzuia miale yenye urefu wa mawimbi hadi nanometa 400. Kwa kuwa maandishi yaweza kubandikwa na mtu yeyote, ukipata nafasi mwombe fundi wa miwani aipime. Mafundi wengi wanacho chombo cha kazi hiyo, na upimaji huchukua dakika chache tu.

ADUI WA KIOO

Siku hizi vioo vingi vya miwani si vioo bali ni plastiki. Mojawapo ya plastiki hizo ni polikaboneti, ambayo iligunduliwa mwaka 1953 na wanakemia wa Ujerumani na Marekani, kila upande ukifanya kazi peke yake. Polikaboneti ni nyepesi, haipasuki upesi, na yenyewe huzuia miale ya urujuanimno. Ndiyo sababu hutumiwa katika miwani ya askari ya kukinga vipande virukavyo. Lakini ina udhaifu mmoja mkubwa: ni laini, hukwaruzika upesi. Watengenezaji huipaka utando mwembamba mgumu ili kuilinda, na utando huo ukiisha, kioo kimebaki uchi.

Sasa tulitazame vumbi. Vumbi la barabara zetu za udongo mwekundu lina chembe za mchanga, na chembe za mchanga ni jiwe liitwalo kwazi. Wanajiolojia hupima ugumu wa madini kwa ngazi ya 1 hadi 10, almasi ikiwa juu kabisa. Kwazi iko ngazi ya 7. Kioo cha kawaida cha dirisha kiko kati ya 5 na 6, na plastiki iko chini zaidi. Basi mtu anayefuta miwani kavu yenye vumbi kwa kitambaa kikavu anafanya kazi ya msasa. Hata kama kitambaa chake ni laini kama pamba, kinachokwaruza si kitambaa, ni mchanga uliokamatwa chini yake.

Je, mikwaruzo midogo ina ubaya gani? Kila mkwaruzo huukamata mwanga na kuutawanya. Jua likiwa mbele, miale hutawanyika juu ya kioo chote na kufanya pazia jeupe. Dereva hukunja uso, kichwa humuuma, na mwisho huivua miwani na kuitupa juu ya dashibodi. Mara nyingi kinga dhidi ya urujuanimno ingalimo ndani ya plastiki, lakini yafaa nini ikiwa miwani iko dashibodini na macho yako nje? Hasara ya mikwaruzo ndiyo hiyo: humfanya mtu aache kuvaa. Na dereva anayeendesha kuelekea jua la magharibi, mbele yake watoto wakitoka shuleni, hana nafasi ya kukosea.

JINSI YA KUOSHA

Kuosha miwani hakuhitaji dawa ya dukani. Kunahitaji maji safi, tone la sabuni, kitambaa safi na dakika tatu. Fuata utaratibu huu.

Kwanza, nawa mikono. Mikono yenye mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka au ya bunduki huongeza uchafu badala ya kuuondoa.

Pili, mwagia miwani maji yasiyo ya moto, mbele na nyuma, bila kuigusa vioo. Kama una bomba, acha maji yatiririke taratibu. Kama maji ni ya jerikeni, tumia kikombe na kumimina. Usiichovye katika beseni iliyokwisha kutumika, kwa sababu mchanga ulioanguka chini hurudi juu ya kioo. Hatua hii ndiyo mama wa hatua zote. Mchanga huondoka kwa maji, hauondoki kwa kidole.

Tatu, tia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ncha za vidole, na upake vioo taratibu pande zote mbili. Usisahau vile vijipedi vinavyokaa juu ya pua, ukingo wa fremu na mikono ya miwani hadi nyuma ya masikio. Huko ndiko jasho na mafuta hukusanyika, na huko ndiko huanza harufu na rangi ya kijani.

Nne, suuza mpaka povu lote liishe. Tikisa maji yaanguke.

Tano, kausha kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kukauka, au kile kitambaa laini kinachouzwa pamoja na miwani. Gusa, usikandamize. Kama maji yenu yana chumvichumvi, usiiache ikauke yenyewe, kwani kila tone litaacha alama nyeupe.

Kitambaa chenyewe nacho ni kifaa. Kifuliwe kwa sabuni angalau mara moja kwa juma, kisuuzwe vizuri, nacho kisitiwe dawa za kulainisha nguo, ambazo huacha mafuta. Kihifadhiwe ndani ya kikasha, si mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Na kitambaa kilichofuta bunduki, baiskeli au viatu kisifute miwani hata siku moja, hata kama kimefuliwa.

UKIWA MBALI NA MAJI

Mtu aweza kuuliza: askari aliye doria Karamoja wakati wa kiangazi, ambako maji ya kunywa yenyewe hupimwa, atafanyaje? Jibu ni kwamba miwani hainywi mengi. Vifuniko viwili vya chupa ya maji vyatosha: kimoja cha kuondoa mchanga kabla ya kugusa, na kingine cha kusuuza baada ya kupitisha kidole. Kama hata hayo hayapo, puliza vumbi litoke kwa pumzi kavu, geuza miwani uso chini na kuigonga taratibu ukingoni, kisha iache ilivyo mpaka upate maji. Vumbi linalokaa juu ya kioo halikwaruzi. Linalosuguliwa ndilo hukwaruza. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na msemo huu haujapata mahali pake panapofaa zaidi ya hapa.

Kuhemea kioo mpaka kipate ukungu na kisha kukifuta ni desturi ya wengi. Ukungu huo ni maji kidogo mno yasiyoweza kubeba mchanga. Desturi hiyo yafaa kwa alama ya kidole juu ya kioo kisicho na vumbi, basi. Mate ni vivyo hivyo, na tena si usafi.

VITU VYA KUEPUKA

Orodha hii yafaa ibandikwe ukutani, kwa kuwa nyumba nyingi zina vitu hivi na kila kimoja kina mtetezi wake.

Dawa ya meno: husemwa kwamba huondoa mikwaruzo. Ndani yake mna unga wa kusugua meno, na unga huo husugua pia utando wa kioo. Mkwaruzo mmoja huondoka pamoja na kinga iliyouzunguka, na mahali pake huja mikwaruzo elfu midogo. Mkwaruzo ulioingia kwenye kioo hauna dawa ya nyumbani.

Majivu, mchanga na sabuni ya unga: vyafaa kwa sufuria. Chembe za sabuni ya unga ambazo hazijayeyuka ni ngumu.

Karatasi ya chooni na ya mezani: hutengenezwa kwa nyuzi za miti, tena aghalabu hubeba vumbi.

Siki, maji ya limau na dawa za kusafishia madirisha zenye amonia: hula ule utando wa kioo polepole.

Dawa ya kutolea rangi ya kucha, petroli na vinyunyizo vya kuyeyushia rangi: huyeyusha plastiki yenyewe. Fremu ikiguswa na dawa ya kucha huwa nyeupe na kunata papo hapo.

Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye kemikali iitwayo DEET: hii ni muhimu kwa askari na kwa wote walalao nje. Ni dawa nzuri kwa ngozi, lakini hulainisha na kuharibu plastiki nyingi. Paka dawa kwanza, nawa viganja, ndipo ushike miwani.

MIWANI YA MKANDA KATIKA VUMBI

Miwani ya mkanda ni ile inayofunika macho yote mawili pamoja na sehemu ya shavu, ikizungukwa na sponji laini, na kufungwa nyuma ya kichwa au juu ya kofia ya chuma. Waendesha pikipiki wa polisi, wapiga bunduki wanaosimama juu ya magari ya wazi, na waendeshaji wa matingatinga huitumia.

Yenye kioo kimoja kisichopakwa dawa ya kuzuia ukungu huoshwa kama tulivyoeleza hapo juu. Lakini kabla ya maji, igeuze na kuitikisa, kisha piga sponji na matundu ya hewa kwa brashi laini, kama brashi ya mswaki wa mtoto. Matundu yakizibwa na vumbi, hewa haipiti, na jasho la uso hugeuka ukungu ndani ya kioo. Mtu hudhani kioo kibovu, kumbe pua zake zimezibwa. Mkanda ufuliwe kwa maji baridi na sabuni na kuanikwa kivulini. Jua kali hulegeza mpira ulio ndani ya mkanda, na mkanda uliolegea huacha nafasi kwa vumbi kupenya.

MIWANI YA THELULJI NA SIRI YAKE

Msomaji aweza kushangaa kwamba tunazungumza theluji katika gazeti la Ikweta. Lakini mlima Rwenzori uko kwetu, na kilele chake cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, kina barafu mpaka leo, ingawa imepungua sana tangu mwaka 1906 ulipopandwa kwa mara ya kwanza na msafara wa mtawala mdogo wa Abruzzi kutoka Italia. Wabakonzo wanaowaongoza wageni huko juu huijua hatari ya mng'ao. Tena ndugu zetu wengi sasa wanasoma, wanafanya kazi au wanahudhuria mafunzo katika nchi za baridi kama Kanada na Norwei, na huko kuteleza juu ya theluji kwa mbao miguuni ni mchezo wa kila mtoto.

Mtu akikaa saa chache juu ya theluji bila kinga, uso wa jicho huungua. Saa kadhaa baadaye macho huwa mekundu, hutoka machozi, na huhisi kama yametiwa mchanga. Hata kuyafungua ni shida. Wenyeji huita hali hii upofu wa theluji. Kwa kawaida huisha baada ya siku moja au mbili, lakini mlimani, penye majabali na nyufa za barafu, siku moja ya kutoona yaweza kuwa siku ya mwisho. Wainuiti wa nchi za kaskazini walilijua jambo hili tangu zamani za kale. Walichonga miwani ya mti, mfupa au pembe, isiyo na kioo, yenye ufa mwembamba tu wa kutazamia. Haikukwaruzika wala kupata ukungu, na mwanga ulioingia ulikuwa kidogo.

Miwani ya theluji ya leo ina vioo viwili vilivyounganishwa, na kati yake hewa iliyofungiwa. Mmarekani mmoja aliyekuwa daktari wa kunyoosha meno, Bob Smith, ndiye aliyeitengeneza miwani ya namna hii katika miaka ya 1960, kwa sababu alichoka kuteleza bila kuona. Hewa ya katikati hutenganisha baridi ya nje na joto la uso, hivyo kioo cha ndani hakipoi sana, na jasho haligeuki ukungu upesi. Juu ya hayo, kioo cha ndani hupakwa dawa inayokunywa maji na kuyatandaza, ili yasifanye matone.

Siri iko hapo. Dawa hiyo ya ndani ikiwa na maji huwa laini kama ukoko uliolowekwa. Mtu akiisugua wakati huo, hata kwa kitambaa cha hariri, huibandua. Basi amri ni tatu.

Usisugue kioo cha ndani kikiwa kimelowa. Tikisa theluji au maji yatoke, kisha gusisha kitambaa laini kikavu ili kinywe yaliyobaki, na uache hewa imalize kazi. Usikitie sabuni.

Usiiweke miwani juu ya paji la uso unapopumzika. Kichwa chenye joto hutoa mvuke, na mvuke wote huingia ndani. Iache machoni au ivue kabisa na kuiweka mfukoni ikiwa kavu.

Usiikaushe motoni. Katika vibanda vya Rwenzori, ambako nguo hazikauki kwa unyevu, kishawishi cha kuitundika juu ya jiko la mkaa ni kikubwa. Joto hilo hulegeza gundi inayounganisha vioo viwili, na siku ya pili maji huingia kati yake pasipoweza kufutika. Iache usiku kucha ndani ya nyumba mahali penye hewa, nje ya mfuko wake, na kuirudisha mfukoni asubuhi. Kama maji yamekwisha kuingia katikati, usijaribu kuvibandua vioo. Iweke mahali pakavu siku kadhaa. Yakikataa kutoka, badilisha kioo.

Kioo cha nje ni kigumu zaidi, nacho chaweza kufutwa kwa kitambaa laini, maadamu barafu na mchanga vimekwisha kuondolewa.

Jambo moja zaidi kuhusu milima. Miwani ya jua hugawanywa katika madaraja kuanzia 0 hadi 4, kwa kadiri inavyopitisha mwanga. Daraja la 3, ambalo hupitisha asilimia 8 hadi 18, ndilo linalotufaa wengi mchana. Daraja la 4, ambalo hupitisha asilimia 3 hadi 8 tu, ni la barafuni, na halifai kuendeshea gari. Anayeshuka mlimani abadilishe miwani kabla ya kushika usukani.

KUVAA, KUVUA NA KUHIFADHI

Vua miwani kwa mikono miwili. Anayevuta kwa mkono mmoja hupanua upande mmoja, na baada ya muda miwani hukaa upogo na kuteleza puani. Usiivae juu ya nywele: mafuta ya nywele hupaka vioo, na mikono ya miwani hutanuka.

Ukiiweka mezani, vioo vitazame juu. Ukiwa nayo safarini, iweke ndani ya kikasha kigumu. Kama huna kikasha, soksi safi ya pamba ndani ya kopo dogo hufanya kazi ile ile. Mfuko wa shati haufai kwa askari, kwa kuwa kila akilala chini miwani hulala chini yake.

Usiiache ndani ya gari. Joto la gari lililofungwa na kuegeshwa juani laweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi, na juu ya dashibodi huzidi hapo. Plastiki na utando wake hutanuka kwa kiasi tofauti, na utando hupasuka vijiufa kama tope lililokauka. Vijiufa hivyo havifutiki kamwe.

Mara moja kwa mwezi tazama skrubu za bawaba. Iliyolegea ikazwe kwa bisibisi ndogo, si kwa ncha ya kisu. Fremu iliyopinda ipelekwe kwa fundi. Anayeinyoosha kwa koleo nyumbani mara nyingi huikata.

Katika mabweni na nyumba za askari, kila mtu na miwani yake. Mwezi Machi mwaka 2024 Wizara ya Afya ya Uganda ilitoa taarifa ya kuenea kwa ugonjwa wa macho mekundu, ambao hupita haraka mahali watu wanapoishi kwa wingi pamoja. Ugonjwa huo husafiri kwa mikono, taulo na chochote kilichogusa jicho. Aliyeugua aioshe miwani yake kwa sabuni kila siku, fremu na mikono yake pia, na kitambaa chake kifuliwe peke yake.

WATOTO NA MIWANI

Lenzi ya jicho la mtoto ni angavu kuliko ya mtu mzima, hivyo hupitisha miale mingi zaidi hadi nyuma ya jicho. Kofia yenye ukingo mpana ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na miwani ni ya pili. Ile miwani ya kuchezea iuzwayo sikukuu, yenye plastiki ya rangi isiyojulikana, isivaliwe juani. Mtoto aliyepewa miwani ya kweli afundishwe kuiosha mwenyewe. Mtoto wa miaka saba aweza kujifunza kwa siku moja maneno haya manne: maji, sabuni, maji, kitambaa.

WAKATI WA KUIACHA

Hata kifaa kilichotunzwa kina mwisho wake. Miwani ya kukinga vipande ikiwa na ufa, au mkwaruzo wenye kina unaoshikika kwa ukucha, au ikiwa imekwisha kupigwa na kitu kwa nguvu, haifai tena kazi hiyo, hata kama bado unaona vizuri. Nguvu yake imevunjika mahali ambapo macho hayaoni. Irudishwe stoo na kuombwa nyingine. Miwani ya kawaida iachwe pale mikwaruzo inapokuwa mbele ya mboni, au pale unapojikuta unaivua kila jua linapokuwa mbele yako.

Kwa kupima, ishike miwani mbali na uso, uitazame taa au dirisha kupitia kioo, na kuizungusha polepole. Ukiona utando mweupe unaotembea pamoja na mwanga, umeona mikwaruzo. Fanya hivyo leo kabla ya kutoka kazini. Na ukiona vumbi juu yake, acha upindo wa shati mahali pake, uende kwanza kwenye maji.